Daraja la Maneno: Vyama vya Wanafunzi wa Kichina Ng'ambo na Kuzaliwa kwa Fasihi Mpya ya Uchina

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hii ya mabaharia wa pwani yafaa kuwa kurunzi ya kumulikia historia ya vijana ambao hawakuwahi kuisikia: wanafunzi wa Kichina waliovuka bahari kwenda Japani na Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Walipelekwa kusomea uhandisi, utabibu, kilimo na sheria. Waliowatuma walitaraji warudi na ujuzi wa kujenga reli, kuchimba madini na kuunda silaha, na baadhi yao walirudi nao. Hata hivyo, mojawapo ya matunda yaliyodumu zaidi ya safari zile halikupandwa katika karakana wala katika maabara. Lilipandwa katika vyama vya wanafunzi wenyewe: vyama vidogo, vyenye hazina isiyotosha, vilivyokutana baada ya masomo na kuchapisha majarida ambayo wahariri wake walikuwa bado na mitihani ya kufanya. Humo ndimo zilimochipuka tamthilia ya mazungumzo, istilahi za sayansi kwa Kichina na, zaidi ya yote, lugha mpya ya fasihi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vyama hivyo vilivyoiunganisha Uchina na ulimwengu kati ya mwaka 1905 na 1920, na sababu zilizofanya kazi yao idumu. Hoja inayotetewa ni kwamba daraja lao halikujengwa kwa karamu za urafiki wala kwa maazimio ya mikutano, bali kwa mambo mawili: kazi iliyofanywa kwa lugha yao wenyewe, na ubishi wa wazi uliotiwa katika maandishi. Mwishoni makala yatatazama kwa ufupi kile ambacho vyama vya Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya vinaweza kujifunza kutokana na historia hiyo.

Chanzo cha Safari

Mwanafunzi wa kwanza wa Kichina kuhitimu katika chuo kikuu cha Marekani alikuwa Yung Wing, aliyepata shahada yake katika Chuo cha Yale mwaka 1854. Ni yeye aliyeishawishi serikali ya nasaba ya Qing ipeleke wavulana 120 kusoma Marekani kuanzia mwaka 1872. Mpango huo ulivunjwa mwaka 1881, kwa sehemu kwa sababu wakuu wa serikali waliingiwa na hofu kwamba vijana wale walikuwa wanasahau mila na lugha ya kwao. Hofu hiyo haikuwa na msingi kamili. Mmoja wa wavulana hao, Zhan Tianyou, ndiye baadaye aliyesimamia ujenzi wa reli ya kutoka Beijing hadi Zhangjiakou, iliyokamilika mwaka 1909.

Mambo mawili yaliufungua tena mlango. La kwanza ni aibu ya kushindwa katika vita na Japani vya mwaka 1894 hadi 1895. Taifa dogo ambalo kwa karne nyingi lilikuwa limejifunza kwa Uchina sasa lilikuwa limempiga mwalimu wake. Ikawa dhahiri kwamba Japani ilikuwa na siri ya kufundisha, nayo ilikuwa karibu na yenye gharama nafuu. La pili ni kufutwa kwa mitihani ya kale ya utumishi wa serikali mwaka 1905. Kwa zaidi ya miaka elfu moja kijana wa Kichina alikuwa akipanda ngazi ya maisha kwa kukariri vitabu vya wahenga na kuandika insha kwa lugha ya kale. Ngazi hiyo ilipoondolewa, maelfu waligeukia masomo ya ng'ambo. Inakadiriwa kuwa kufikia mwaka 1906 wanafunzi wa Kichina waliokuwa Japani walikuwa karibu 8,000.

Kwa upande wa Marekani, njia ilipitia katika jeraha jingine. Baada ya maasi ya mwaka 1900 dhidi ya wageni, mataifa ya nje yaliitoza Uchina fidia ya taeli milioni 450 za fedha. Mwaka 1908 Marekani iliamua kurudisha sehemu ya fungu lake, ili igharimie masomo ya vijana wa Kichina katika vyuo vyake. Kundi la kwanza, la wanafunzi 47, lilisafiri mwaka 1909; la pili, la wanafunzi 70, likafuata mwaka 1910. Inafaa kukumbuka kwamba wakati huohuo sheria ya Marekani ya mwaka 1882 ilikuwa bado inawazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini humo, na haikufutwa hadi mwaka 1943. Mwanafunzi alikaribishwa mlango wa mbele, na nduguye mchukuzi akafungiwa mlango wa nyuma. Kila chama kitakachotajwa hapa kiliishi katika mkinzano huo.

Jukwaa la Tokyo

Mwishoni mwa mwaka 1906 wanafunzi wachache waliokuwa Tokyo walianzisha chama cha sanaa walichokiita Chunliu She, yaani Chama cha Mwerebi wa Masika, kwa jina la mti ule ambao washairi wa Kichina wameuhusisha na kuagana. Kiongozi wao, Li Shutong, alikuwa akisomea uchoraji. Mwezi wa Februari mwaka 1907 chama hicho kiliigiza sehemu ya tamthilia ya Mfaransa Alexandre Dumas, mwana, kuhusu mwanamke Marguerite, kwa nia ya kuchanga fedha za kuwasaidia waathiriwa wa maafa ya mafuriko na njaa nchini mwao. Hakukuwa na wanawake chamani, kwa hiyo Li mwenyewe alimwigiza Marguerite. Miongoni mwa watazamaji alikuwako kijana Ouyang Yuqian, ambaye onyesho hilo lilimvuta akajiunga na chama. Baadaye alikuwa mmoja wa nguzo za tamthilia ya Kichina.

Mwezi wa Juni mwaka huohuo chama kilipanda jukwaa kubwa zaidi, ukumbi wa Hongo-za, kikaigiza mchezo wenye matendo matano ambao jina lake lina maana ya kilio cha mtumwa mweusi kwa mbingu. Mchezo huo ulitokana na riwaya ya Mmarekani Harriet Beecher Stowe kuhusu mtumwa Tom, iliyotolewa mwaka 1852. Safari ya hadithi hiyo hadi Tokyo yastahili kuelezwa hatua kwa hatua. Mwaka 1901 mwandishi Lin Shu alikuwa ameitafsiri kwa Kichina pamoja na mwenzake Wei Yi. Lin Shu hakujua lugha yoyote ya kigeni. Wei Yi, aliyejua Kiingereza, alisoma na kueleza kwa mdomo. Lin Shu, bingwa wa lugha ya kale, aliandika. Katika maelezo yake kwa msomaji Lin Shu alilinganisha mateso ya watumwa wale na dhuluma walizofanyiwa vibarua wa Kichina huko Marekani. Hivyo hadithi ya Mwafrika aliyeuzwa ng'ambo ikawa kioo ambamo Mchina alijitazama.

Mwanachama Zeng Xiaogu ndiye aliyeigeuza tafsiri hiyo kuwa mchezo. Hakuifuata riwaya kwa upofu. Katika kitabu cha Stowe, Tom anakufa kwa subira ya Kikristo akiwasamehe wauaji wake. Katika mchezo wa wanafunzi, mwisho ni mapambano ya watumwa na wanaowafuatia, kisha uhuru. Badiliko hilo si dogo. Wanafunzi hawakuazima kisa ili kukihifadhi. Walikiazima ili kiseme lililokuwa mioyoni mwao. Fauka ya hayo, umbo lenyewe lilikuwa jipya. Maigizo ya jadi ya Kichina huimbwa, huambatana na ngoma na matari, na huongozwa na miondoko iliyokubaliwa tangu kale. Hapa palikuwa na mswada kamili uliogawanywa katika matendo, na wahusika waliosema kama watu wasemavyo. Kwa sababu hiyo wanahistoria wengi wa fasihi ya Kichina huuhesabu mwaka 1907 kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa tamthilia ya mazungumzo, ingawa jina lake la leo, huaju, lilipendekezwa baadaye sana, mwaka 1928, na mtunzi Hong Shen, ambaye naye aliwahi kuwa mwanafunzi Marekani.

Jarida la Sayansi

Chama cha pili kinachostahili kutajwa kilizaliwa Ithaca, mji mdogo wa jimbo la New York wenye Chuo Kikuu cha Cornell. Katika kiangazi cha mwaka 1914, Ulaya ikinusa baruti ya vita vikuu, wanafunzi kadhaa wa Kichina, miongoni mwao Ren Hongjun na Zhao Yuanren, walijiuliza ni kitu gani nchi yao ilichokikosa zaidi. Jibu lao lilikuwa sayansi, na dawa waliyoiona ilikuwa jarida. Walijinyima sehemu ya posho zao za masomo ili kuligharimia. Toleo la kwanza la Kexue, neno lenye maana ya sayansi, lilichapishwa Shanghai mwezi wa Januari mwaka 1915, na kufikia Oktoba kundi hilo lilikuwa limejiunda rasmi kuwa Chama cha Sayansi cha Uchina.

Kilicho muhimu kwa mwanafunzi wa lugha ni kwamba jarida hili liliandikwa Marekani, na watu waliosoma fizikia na kemia kwa Kiingereza, lakini liliandikwa kwa Kichina. Kila makala yaliwalazimu waandishi kutafuta au kuunda istilahi. Kila fomula iliwakabili na tatizo la kimaandishi, kwa kuwa Kichina kiliandikwa kutoka juu kwenda chini, na hesabu za Kizungu huandikwa kwa mlalo. Wahariri walikata shauri: wakachapa kurasa zao kwa mlalo, kutoka kushoto kwenda kulia, na kutumia alama za uakifishaji. Leo vitabu vingi nchini Uchina huchapwa hivyo, na aghalabu msomaji hakumbuki kwamba miongoni mwa waliotangulia kuthubutu walikuwa vijana wa chuo waliotaka tu mlinganyo wa fizikia usomeke.

Chama hicho kilihamia Uchina mwaka 1918 na kuendelea na kazi kwa miongo kadhaa. Palikuwapo wakati huo pia jarida la Kiingereza la muungano wa wanafunzi wa Kichina nchini Marekani, lililowaeleza Wamarekani habari za Uchina. Yote mawili yalikuwa na kazi yake. La Kiingereza liliitazamisha dunia upande wa Uchina; la Kichina liliipa Uchina maneno ya kuitazamia dunia. Daraja lisilo na njia mbili ni gati tu: mtu hufika mwisho wake akatazama maji.

Ubishi wa Ziwa Cayuga

Katika kundi la mwaka 1910 alikuwamo kijana aliyeitwa Hu Shi, mzaliwa wa mwaka 1891. Alianza kwa kusomea kilimo Cornell, akaacha na kugeukia falsafa, na mwaka 1915 akahamia Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York, kusoma kwa mwanafalsafa John Dewey. Katika kiangazi cha mwaka huo tawi la mashariki la muungano wa wanafunzi lilichagua tatizo la lugha ya Kichina kuwa mada ya mkutano wake. Zhao Yuanren alitayarisha makala kuhusu uwezekano wa kukiandika Kichina kwa alfabeti, na Hu Shi akaandika kuhusu njia bora za kufundisha lugha ya kale. Yaani, mapinduzi yaliyofuata yalianza kama ratiba ya mkutano wa wanafunzi.

Ili kuelewa uzito wa mada hiyo, sharti ifahamike hali ya lugha ilivyokuwa. Maandishi yote yenye heshima yalitungwa kwa wenyan, lugha ya kale ambayo hakuna mtu aliyeizungumza nyumbani wala sokoni. Lugha ya kawaida, yaani baihua, ilikuwa na riwaya zake kubwa zilizopendwa na watu kwa karne nyingi, lakini wasomi waliziona kuwa burudani na kuzinyima hadhi ya fasihi. Mtoto aliyetaka kusoma ilimpasa kwanza ajifunze lugha nyingine kabla ya kujifunza jambo lolote jingine.

Mwezi wa Julai mwaka 1916 wanafunzi kadhaa, akiwamo Ren Hongjun, Mei Guangdi na mwanafunzi wa kike Chen Hengzhe, walitoka kutembea kwa mashua katika Ziwa Cayuga, karibu na Ithaca. Mvua iliwanyeshea, na katika haraka ya kuifikia nchi kavu mashua nusura ipinduke. Ren alitunga shairi kuhusu mkasa huo kwa mtindo wa kale, akamtumia Hu Shi huko New York. Jibu la Hu Shi halikuwa la pongezi. Alimlaumu rafiki yake kwa kuchanganya maneno yaliyokwisha kufa maelfu ya miaka na maneno ya karne ya 20: vijana waliolowa mvua ya Marekani walikuwa wameelezwa kwa msamiati wa watu ambao hata makaburi yao hayajulikani.

Mei Guangdi alikasirika akaingia kati kumtetea Ren. Barua zikafuatana mfululizo. Hoja ya Mei na Ren haikuwa ya kipuuzi. Walikubali kwamba lugha ya kawaida yafaa kwa riwaya na tamthilia, lakini ushairi, kwao, ulikuwa na lugha yake teule, iliyosafishwa na vizazi vya washairi, na kuiacha ni kuuvua ushairi nguo. Hu Shi alijibu kwa shairi refu la mzaha lililotungwa kwa lugha ya mitaani. Ren alilisoma akaamua kwamba jaribio hilo limeshindwa kabisa. Badala ya kukata tamaa, Hu Shi aliona kwamba ngome moja tu ndiyo iliyobaki. Ikiwa wapinzani wamekwisha kuikubali riwaya, basi ni ushairi unaopaswa kutekwa. Akaazimia tangu hapo kutunga mashairi kwa lugha ya kawaida pekee.

Msomaji wa Kiswahili hatakosa kusikia mwangwi wa nyumbani. Mgogoro kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko, ambao uliwagawa wataalamu wa ushairi wa Kiswahili hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974, ulihusu vina na mizani kama alivyoziratibu Amri Abedi mwaka 1954. Chini yake, hata hivyo, palikuwa na swali lilelile la Ithaca: je, ushairi una haki ya kutumia lugha aitumiayo mtu katika mazungumzo yake ya kila siku? Tofauti moja ni kubwa. Wapinzani wa Cayuga hawakuwa wa vizazi viwili wala vyuo viwili vya fikra vilivyotazamana kwa mbali. Walikuwa marafiki wa chama kimoja, waliosafiri, wakala na kulowa mvua pamoja.

Kutoka Jarida la Wanafunzi hadi Darasani

Kufikia mwisho wa mwaka 1916 Hu Shi aliyakusanya mawazo yake katika makala yenye mapendekezo manane ya kurekebisha fasihi. Kwa muhtasari, alitaka maandishi yawe na jambo la kusema, yasiwaige watu wa kale, yafuate sarufi, yaache maombolezo ya bandia, yaepuke misemo iliyochakaa, madokezo ya vitabu vya kale na usambamba wa kulazimishwa, na yasiogope maneno ya watu wa kawaida. Aliandika nakala mbili. Moja aliipeleka kwa jarida la Kichina la wanafunzi walioko Marekani, na ya pili akamtumia Chen Duxiu, mhariri wa jarida Xin Qingnian, yaani Vijana Wapya, huko Uchina. Ilitokea humo Januari mwaka 1917. Kinaya chake ni kwamba makala yenyewe, yaliyoitetea lugha ya kawaida, yaliandikwa kwa lugha ya kale, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya hoja nzito.

Jarida lile la wanafunzi halikubaki nyuma. Mwaka 1917 lilichapisha hadithi fupi ya Chen Hengzhe kuhusu siku moja katika chuo cha wanawake nchini Marekani, iliyoandikwa kwa lugha ya kawaida. Hadithi maarufu ya Lu Xun kuhusu mwendawazimu, ambayo husifiwa kuwa mwanzo wa hadithi fupi ya kisasa ya Kichina, ilitolewa mwezi wa Mei mwaka 1918. Kwa hiyo wapo wahakiki wanaodai kwamba nafasi ya kwanza ni ya mwanafunzi wa kike na jarida la chama chake. Hata asiyekubaliana na dai hilo atakiri kwamba hadithi hiyo inaonyesha ni wapi majaribio yalikokuwa yakifanyika.

Mengine yalikwenda kwa kasi. Tarehe 4 Mei mwaka 1919 wanafunzi wapatao 3,000 waliandamana jijini Beijing kupinga uamuzi wa mkutano wa amani wa Paris wa kuipa Japani haki zilizokuwa za Ujerumani katika jimbo la Shandong. Vuguvugu lililofuata lilizaa majarida mengi ya lugha ya kawaida. Mwezi wa Januari mwaka 1920 wizara ya elimu iliagiza kwamba madarasa mawili ya kwanza ya shule za msingi yafundishwe kwa lugha hiyo kuanzia msimu wa vuli. Mwezi wa Machi mwaka huo Hu Shi alichapisha diwani yake, iliyo ya kwanza ya mashairi ya lugha ya kawaida kutungwa na mshairi mmoja. Miaka minne haikuwa imetimia tangu mashua ya Cayuga inusurike kupinduka.

Naye Zhao Yuanren, aliyeshiriki katika chama cha sayansi na katika mjadala wa lugha, alikuwa mwanaisimu mashuhuri. Mwaka 1922 alitafsiri kwa lugha ya kawaida hadithi ya Lewis Carroll kuhusu msichana Alice, kitabu kilichojaa michezo ya maneno, ili kuupima uwezo wa lugha hiyo. Kiswahili nacho kilimpata msichana huyo mwaka 1940, kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, lakini kwa mkono wa mgeni. Tofauti ya mikono hiyo miwili inaeleza mengi kuhusu maana ya kuwa na wanafunzi wanaoifanyia kazi lugha yao.

Mipaka ya Daraja

Haitakuwa haki kuvisifu vyama hivi bila kutaja kasoro zao. Kwanza, vilikuwa vya wachache. Mwanafunzi aliyefika Cornell au Tokyo alitoka katika tabaka lililokwisha kuwa na vitabu nyumbani, na wanawake walikuwa kidogo mno. Miaka ya 1930 mhakiki Qu Qiubai aliwashambulia waandishi wa lugha mpya akisema kuwa Kichina chao, kilichojaa miundo ya Kizungu, kilikuwa kimegeuka kuwa lugha nyingine ya kale ambayo mkulima hawezi kuielewa. Shutuma hiyo ilikuwa na ukweli.

Pili, ulimwengu waliouona ulikuwa umechujwa. Vijana wa Tokyo waliuona utumwa wa Mwafrika kupitia riwaya ya Mmarekani mweupe, iliyopita kwa msomaji wa Kiingereza na mwandishi wa lugha ya kale kabla ya kufika jukwaani. Mwafrika mwenyewe hakuwako kuulizwa. Huruma yao ilikuwa ya kweli, lakini mtumwa wao alikuwa zaidi sitiari ya Uchina kuliko mtu wa Afrika.

Tatu, si wote waliorudi waliafikiana. Mei Guangdi hakubadili msimamo. Mwaka 1922 yeye na wenzake walianzisha jarida huko Nanjing la kuutetea urithi wa kale. Lakini hata hilo lilikuwa zao la vyama vilevile, kwa sababu Mei alikuwa amekwisha kujifunza kwamba hoja hujibiwa kwa hoja, tena kwa chapa. Hu Shi naye, alipoisimulia historia hiyo miaka ya 1930, alieleza kwamba ni upinzani wa marafiki zake uliomsukuma hatua kwa hatua hadi kwenye msimamo ambao hakuwa nao mwanzoni. Bila Mei, pengine kungekuwako makala moja tu kuhusu namna ya kufundisha lugha ya kale.

Funzo kwa Vyama vya Kiswahili

Daraja kati ya Uchina na Afrika ya Mashariki si ndoto tena. Redio Beijing ilianza matangazo yake ya Kiswahili mwaka 1961, na lugha hii imefundishwa katika vyuo vya Beijing kwa miongo mingi. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa cha kwanza barani Afrika kupata Taasisi ya Confucius, na wanafunzi wa Kenya wamekuwa wakienda Uchina kusoma uhandisi, udaktari na lugha, kama vijana wa Kichina walivyokwenda Tokyo. Swali ni wanafunzi hao watarudi na nini, na katika lugha gani.

Historia iliyoelezwa hapa inadokeza majibu matatu. La kwanza ni tafsiri. Mfano wa Lin Shu na Wei Yi unaonyesha kwamba si lazima mtu mmoja awe na lugha zote mbili kwa ukamilifu. Mwanafunzi aliyejifunza Kichina na mwenzake aliyebobea katika Kiswahili wakiketi meza moja, mmoja akieleza na mwingine akiandika, wanaweza kumpa msomaji wa Kenya hadithi ya Kichina bila kuipitisha katika Kiingereza. La pili ni istilahi. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi za Kenya, lakini mwanafunzi wa fizikia nchini humo bado anaisoma fizikia yake kwa Kiingereza. Waandishi wa Kexue hawakungoja tume ya serikali iwaundie maneno. Waliyaunda kwa kuyatumia, toleo baada ya toleo, nayo yaliyofaa yakabaki.

La tatu, na lililo gumu zaidi, ni ubishi. Vyama vingi vya wanafunzi huwa hodari wa kuandaa makongamano, kuchagua viongozi na kushona fulana zenye nembo. Mambo hayo hayana ubaya, lakini mwaka ukiisha hayaachi kitu rafuni. Mwanachama akisoma shairi la mwenzake humpigia makofi. Kama ana shaka nalo, humnong'oneza mwingine korido. Barua za kiangazi cha mwaka 1916 zinafundisha kinyume chake. Rafiki wa kweli wa mwandishi ni yule anayemwandikia kwamba shairi lake limeshindwa, akaeleza kwa nini, kisha akabaki kuwa rafiki. Ren Hongjun, ambaye shairi lake la mashua ndilo lililoanzisha vita vyote hivyo, hakuvunja urafiki na Hu Shi, na mwaka 1920 alimwoa Chen Hengzhe, abiria mwenzake wa siku ile.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba vyama vya wanafunzi wa Kichina huko Tokyo na Ithaca viliiunganisha nchi yao na ulimwengu kwa kuigiza, kutafsiri, kuunda istilahi na kubishana, na kwamba kazi hiyo ilidumu kwa kuwa ilifanywa kwa lugha ya watu waliokusudiwa kuipokea. Vijana wale walikwenda tezi na omo za dunia, wakaijua Paris ya Dumas na Kentucky ya Stowe, lakini ngama yao ilikuwa Kichina. Chama cha Kiswahili kinacholichapa jarida lake leo, hata likiwa na kurasa chache na wasomaji wachache zaidi, kimeshika chombo kilekile. Haba na haba hujaza kibaba. Sharti tu kila mwanachama alete haba yake, nayo iwe imeandikwa.